Mtoto wa Jicho

Nyumba hii marehemu aliijenga kwa kiinua mgongo cha bandari:
vyumba vitano, uwa, na mpapai mmoja dume.
Alidhani tutapangisha walimu.
Sasa napangisha figo.

Chumba cha kwanza figo, cha pili tezi,
cha tatu Bi Moinahalima wa Moroni, valvu ya moyo,
na binti yake analala chini, kwenye jamvi.
Cha nne Bwana Kalenga wa Lubumbashi,
kila kukicha ananiambia, "Mama, nasikia mubaya,"
nami namjibu, utasikia vizuri, kunywa uji kwanza.
Cha tano changu.

Shaweji ndiye huwaleta. Huwangoja uwanja wa ndege
na kibao cha majina, kakiandika kwa wino mwekundu.
Kwangu huchukua elfu kumi kwa kichwa.
Kule hospitali huchukua ngapi, hasemi. Amejenga Chanika.
Zamani alikuwa dalali wa viwanja.
"Kiwanja hakilii usiku, dada," huniambia,
"lakini pia hakilipi kwa dola."

Hospitali yenyewe ni hiyo ng'ambo ya barabara,
ghorofa tisa za vioo.
Jua la asubuhi linapiga kule, linarudi kwangu,
hata nguo zangu siku hizi
hukaukia upande wa kivuli.

Bei zake nazijua kama mtoto wa chuoni ajuavyo Juzuu Amma:
picha ya moyo, damu ya haraka, kitanda,
kitanda chenye pazia,
nazisoma bila kituo.

Jicho nililijua siku niliyomimina chai
pembeni ya kikombe. Bi Moinahalima akanishika mkono,
yeye mwenye moyo wa kuazima, akasema,
"Dada, jicho lako lina ukungu."
Nikamwambia ni moshi wa mkaa.
Napikia gesi, mwaka wa pili huu.

Mtoto wa jicho. Ndivyo tunavyouita ugonjwa huu.
Mimi sikujaliwa mtoto;
huyu amekuja bila kuombwa,
anakua bila kunyonya.

Hospitali ya serikali waliniandikia mwezi wa nane.
Mwezi wa nane wakaniandikia wa kumi na mbili,
muuguzi mpole, jasho linamtiririka,
foleni nyuma yangu imefika getini.
Daktari niliyemzoea hayupo, likizo, wakasema.
Wiki ile ile nikamwona ng'ambo, anaingia mlango wa vioo.
Sura sikuiona. Nilimjua kwa mwendo.
Sikumlaumu. Nililaumu kidogo.

Basi nikavuka.
Miaka sita nawavusha wengine kwa mkono,
siku hiyo nikajivusha mwenyewe.
Ndani baridi, sakafu inanukia malimau,
na binti wa mapokezi, kucha zake ndefu, meno yake mazuri:
"Karibu, mama. Umetoka nchi gani?"

"Ilala."

Akashusha kidole kwenye kioo cha kompyuta:
Komoro, Kongo, Malawi, Zambia.
Akapandisha. Akashusha tena.
Nikaona, kwa jicho lililobaki, alichobonyeza:
*Nyingineyo.*

Akanigeuzia karatasi ya bei, kwa adabu kabisa.
Nikapiga hesabu pale pale, nimesimama:
vyumba vinne, miezi mitatu, bila kula.

Narudi, namkuta Shaweji mlangoni
na mzee wa Blantyre, nyonga,
na mkewe amekumbatia bahasha ya eksirei kama kitoto.
"Dada, najua umejaa."
Sijajaa, nikamwambia. Kuna cha tano.

Kitanda changu sasa kiko ukumbini, usawa wa mlango,
nikiitwa usiku nisikie.
Vyumba vitano: miezi miwili na siku kumi na mbili.
Bila kula, lakini.
Na uji lazima niupike, kwani huyu mzee
tangu alfajiri anasema kitu, lugha yake siijui,
ila nimeelewa.